Peugeot 504 iliyoliwa na kutu: tuanzie wapi kabla ya kupaka rangi?

MkaziWaKahawa

Salamu kwenu wanajukwaa. Mimi na mume wangu tunaishi Kahawa West, Nairobi, na mwaka jana tulinunua Peugeot 504 steshenwagoni, ya aina ile iliyokuwa ikibeba abiria wa masafa marefu kwenda Nakuru na Nyeri. Mzee aliyetuuzia, mkazi wa Limuru, alikuwa ameiegesha chini ya mparachichi kwa miaka 11. Injini iliwaka baada ya kusafisha kabureta na kubadilisha plagi, kwa hiyo tukaamua kwamba kazi ya bodi tutaifanya wenyewe, jioni baada ya kazi na siku za Jumamosi.

Tatizo lilianza tulipopiga msasa upande wa dereva. Filla (lipu ya kusawazishia bodi) nene kama kidole ilibanduka chini ya milango, na nyuma yake hapakuwa na bati, bali magazeti yaliyokunjwa na kusokomezwa ndani ya tundu, kisha yakafunikwa na kupakwa rangi. Sijui ni fundi gani aliyeifanya kazi hiyo, lakini iliniumiza sana, kwa kuwa mzee yule aliamini gari lake limetengenezwa. Sasa tuna matundu manne kwenye kizingiti cha chini ya milango na moja kwenye sakafu, miguuni pa dereva.

Je, tunaweza kuziba matundu haya wenyewe? Tukishayaziba, ni kipi kinachotangulia kati ya praima (rangi ya msingi) na filla? Na je, tutumie rangi ya NC (ya nitroselulosi, inayokauka thina yake ikiruka) au ya 2K (inayochanganywa na kigumishi), ikizingatiwa kwamba tunafanyia kazi chini ya paa la mabati lililo wazi pande tatu, na mvua za vuli zinakaribia?

BodiKariobangi

Dada, hongereni wewe na shemeji. Nimefanya kazi ya bodi Kariobangi Light Industries kwa muda mrefu, na magazeti hayo nimeyakuta katika magari mengi kuliko ningependa kukumbuka.

Kwanza fahamuni kwamba 504 ya abiria haina chesi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na vizingiti vya chini ya milango ni sehemu ya mifupa yake. Mkikikata kizingiti kilichooza bila kuishikilia bodi, itapinda katikati, na milango haitafungika tena hata mkiipaka rangi ya kupendeza namna gani. Kwa hiyo liwekeni gari juu ya stendi imara mahali palipo sawa, mchomelee bomba la mraba kukatiza kila nafasi ya mlango, kisha mkate kipande kimoja baada ya kingine, huku mkijaribu kufunga mlango kila hatua.

Kuchomelea kwenyewe mwachieni fundi mwenye mashine ya gesi (MIG, yenye waya na gesi ya kukinga). Mashine ya vijiti inayotumika kutengeneza mageti hutoboa bati jembamba la gari. Bati liwe jeusi, geji 18, yaani milimita 1.2. Msikubali mabati ya kuezekea: ya geji 30 ni membamba mno, na zinki iliyoyapaka ikiungua hutoa moshi unaoleta homa. Fundi aweke nukta za kuchomelea huku na huku, akiliacha bati lipoe, badala ya kuvuta mstari mmoja mrefu unaolikunja. Kabla hajawasha mashine, ondoeni betri, tangi la mafuta na mazulia yote. Rangi, kwa maoni yangu, iwe 2K, kwa sababu inastahimili jua na petroli.

MwalimuWaKemia

Naongezea kuhusu mpangilio, kwani hapa ndipo wengi hupoteza kazi ya miezi. Filla ya kawaida hunyonya maji. Ukiipaka juu ya kutu, au ukiiacha wazi bila praima wakati wa mvua, inayahifadhi maji hayo na kuyashikisha kwenye chuma, na baada ya mwaka mmoja au miwili rangi huanza kuvimba malengelenge. Kwa hiyo safisheni kwa grenda na brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kwenye vishimo vidogo ambavyo brashi haivifikii, tumieni dawa ya asidi ya fosfori, ambayo hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma. Dawa hiyo ni lazima isafishwe kwa kufuata maelekezo yake, na chuma kikaushwe kabisa, kwa sababu mabaki ya asidi huizuia praima ya epoksi kukauka inavyopaswa.

Baada ya hapo pakeni praima ya epoksi siku iyo hiyo, kabla kutu mpya haijaota, na msiguse chuma kwa mikono mitupu. Filla, kwa safu nyembamba, ije juu ya epoksi iliyokwaruzwa. Isawazisheni kwa msasa mkavu namba 80, kisha 180, na baada ya praima ya pili mmalizie kwa namba 400 hadi 600 kwa maji.

Jambo ambalo halionekani ndilo lililoua kizingiti chenu: chini yake kuna vitundu vya kutolea maji, navyo huziba kwa matope na majani, na gari lililokaa chini ya mti lilipata majani ya kutosha. Vizibueni, kisha rangi ikishakauka mpulizie nta ya kuzuia kutu ndani ya uwazi wote.

MuuguziUmoja

Ndugu wa Kariobangi, naheshimu ujuzi wako, lakini shauri la 2K linanitia wasiwasi. Kigumishi cha rangi hiyo kina isosaianeti, na mvuke wake husababisha pumu isiyopona kwa baadhi ya watu. Barakoa ya vumbi haisaidii. Wapulizaji hutakiwa kuvaa kifaa kinachowaletea hewa safi kutoka nje. Kaka yangu alipuliza rangi kwa miaka mingi akiwa amejifunga kitambaa puani, na leo hapandi ngazi bila kusimama kupumua. Kibanda kilicho wazi pande tatu pia hupeleka mvuke huo kwa majirani na watoto wao. Dada, kama lazima iwe 2K, mpelekeni fundi mwenye chumba cha kupulizia.

BabuWaNgara

Wanangu, nakubaliana na muuguzi. NC haina kigumishi hicho, ingawa thina yake nayo ni kali na barakoa ya kuchuja mvuke bado inahitajika. Hukauka upesi, na kasoro zake husahihishika kwa msasa namba 2000 na polishi. Ila msiipulize wakati wa mvua: thina ikiruka huipoza rangi, unyevu wa hewani hutua juu yake, na gari hubaki na ukungu mweupe. Fanyeni kazi ya chuma sasa, mpulize Januari au Februari, asubuhi kabla ya upepo, sakafu ikiwa imemwagiwa maji ili vumbi litulie.

Ng'oeni kioo cha mbele kabla ya rangi, maana kutu hujificha chini ya raba yake; raba mpya tafuteni Kirinyaga Road, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Grogan. Na mkibadilisha rangi ya gari, wajulisheni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ili hati ya umiliki isitofautiane nalo.

MkaziWaKahawa

Ahsanteni sana, na shikamoo babu. Tumeafikiana: fundi wa gesi kwa vizingiti na sakafu, sisi wenyewe kwa kutu, praima, filla na msasa, kisha NC mwezi Januari. Hati haitahitaji kubadilishwa, kwani jana tulipofunua zulia la buti tulikuta rangi yake ya kwanza haijapigwa jua hata kidogo, krimu nzito kama maziwa ya mgando, na mume wangu amekata kipande cha bati kilichooza chenye rangi hiyo ili muuzaji atuchanganyie inayolingana nayo. Kioo cha mbele tumeking'oa leo asubuhi. Chini ya raba, kona ya kushoto, kuna tundu la sita.