Faili za biti 24 au spika bora: laki tatu niziweke wapi?

Msikilizaji wa Tanga

Habari za jioni, wakuu. Nyumbani husikiliza taarabu na rumba kutoka kwenye simu iliyounganishwa kwa Bluetooth na sabufa ya kawaida, na sasa nimeweka akiba ya shilingi laki tatu ili nipate sauti iliyo safi zaidi. Muuzaji mmoja ananishauri nijiunge na huduma ya muziki yenye faili za biti 24 na kiloherzi 192 (yaani sampuli, au vipimo vya sauti, 192,000 kila sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa biti 24), akidai kwamba kiwango cha CD kimepitwa na wakati. Je, fedha hizi niziweke kwenye faili, kwenye kifaa cha DAC kinachogeuza data ya kidijitali kuwa mawimbi ya umeme ya sauti, au kwenye spika?

Mpenda Santuri

Ndugu yangu, ziweke kwenye spika. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huchukua sampuli 44,100 kila sekunde, na idadi hiyo inatosha kurejesha kikamilifu sauti zote zinazofikia kiloherzi 22 hivi, ilhali sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu na kiloherzi 20 na letu sisi tulioota mvi hukomea chini zaidi. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya kishindo kikubwa kabisa na mnong'ono wa mwisho, nafasi ambayo sebule yenye feni inayozunguka na bodaboda zinazopita nje haiwezi kuitumia yote.

Halafu tazama njia unayotumia. LDAC, ambayo ni miongoni mwa njia bora za kubana na kupitisha sauti kwa Bluetooth, haivuki kilobiti 990 kwa sekunde, ilhali CD yenyewe inahitaji 1,411. Wimbo wa dakika tano wa biti 24 na kiloherzi 192 hufikia megabaiti 345 kabla ya kubanwa. Utakumalizia bando, kisha upunguzwe kabla haujafika kwenye sabufa. Nunua adapta ndogo ya USB-C yenye DAC ndani yake, utumie waya.

Fundi wa Amplifaya

Naunga mkono, na naongeza jambo la sabufa. Nyingi zimetengenezwa zitikise ukuta, na spika zake ndogo za pembeni ni dhaifu mno katika sauti za kati, mahali ambapo sauti ya mwimbaji, udi na fidla hukaa. Tafuta amplifaya ya mtumba na jozi ya spika za rafuni. Kabla ya kulipa, fungua kitambaa cha mbele na ubonyeze polepole ukingo wa sponji unaozunguka koni: ukimeguka kama keki kavu, ziache, au ukate bei kwa kiasi cha gharama ya kubadilisha ukingo huo. Soma pia maandishi ya nyuma ya amplifaya, kwa sababu zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ukizichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila transfoma zitaungua.

Mhifadhi wa Kaseti

Nakubaliana nanyi kuhusu spika, ila si haki kusema kwamba biti 24 hazina kazi. Sisi tunaohamisha kaseti na santuri za zamani kwenda kwenye kompyuta tunazihitaji, kwa kuwa zinatuwezesha kurekodi kwa kiwango cha chini bila kuogopa mipasuko ya sauti, kisha kusafisha mikwaruzo bila kuongeza kelele. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alichambua kwa pamoja majaribio mengi yaliyokwishafanywa, akaona kwamba watu huweza kutambua tofauti kati ya faili za aina hiyo na za kiwango cha CD kwa kiwango kidogo, hasa waliofunzwa kusikiliza. Hata hivyo, rekodi alizofanya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 hazitapata kitu kipya kwa kuwekwa kwenye kiloherzi 192, maana santuri za wakati ule hazikubeba sauti za juu kiasi hicho.

Msikilizaji wa Tanga

Nashukuruni sana. Sebule yangu ni ndogo, yenye sakafu ya vigae na kuta tupu. Spika niziweke vipi?

Mpenda Santuri

Zitenge na ukuta wa nyuma kadiri nafasi inavyoruhusu, twita zake (spika ndogo za sauti za juu) zilingane na urefu wa masikio yako ukiwa umekaa, na umbali kati yao ukaribiane na umbali wa kutoka kwao hadi kwenye kiti chako. Tandika zulia nene mbele yake na utundike pazia zito, kwa sababu vigae hurudisha sauti kali kwa nguvu. Anza na zulia kabla hata hujaenda kutafuta amplifaya.