"Tuvix" ya Voyager: Janeway aliua au aliokoa? Naomba hoja kabla ya Jumamosi

Chalii wa Sakina (Arusha)

Wakuu, habari za jioni.

Kundi letu la wapenzi wa Star Trek hapa mjini limeangalia "Tuvix", sehemu ya 24 ya msimu wa 2 wa Voyager, tamthilia ya Star Trek kuhusu meli ya angani iliyopotea mbali na nyumbani. Ilirushwa Marekani Mei 6, 1996 na mpaka leo inagombanisha watu. Upande mmoja unasema Kapteni Janeway kaua, basi. Upande wa pili unasema kawarudisha watu wake wawili, na kapteni asiyeweza kufanya hivyo hafai kukabidhiwa hata daladala. Jumamosi tunakaa na wenzetu wa Moshi, mjadala nausimamia mimi, na sitaki uishie kwenye kelele.

Kwa wasioijua: Tuvok, afisa usalama wa Kivulkani, na Neelix, mpishi wa meli, wanashuka sayarini kukusanya mimea. Wanaporudishwa kwa transpota (mtambo wa kusafirisha watu papo hapo) pamoja na okidi walizochuma, anatokea mtu mmoja. Ana kumbukumbu na ujuzi wa wote wawili, lakini nafsi ni yake. Anajiita Tuvix, anafanya kazi za wote wawili, watu wanamzoea. Baadaye Daktari, tabibu wa meli ambaye ni hologramu, anapata njia ya kuwatenganisha. Tuvix anagoma, anataka kuishi. Janeway anaamuru atenganishwe.

Ninachotaka kujua ni kama kitaalamu kulikuwa na njia ya tatu, maana kuna wanaodai wangemkopi au wangemhifadhi kwenye bafa (hifadhi ya muda ya transpota). Pia kama Janeway alifuata utaratibu wowote. Na mwisho, video niisimamishe wapi ili watu wapige kura kabla ya kuona alichofanya?

Fundi wa Karanga (Moshi)

Mkuu, anza na mtambo, maana hoja ya "si wangemkopi tu" inafia hapo.

Transpota inausoma mwili, inauvunja kuwa mkondo wa chembe, inaushikilia kwenye bafa, inaurusha na kuujenga upya. Kwenye "Tuvix" mtambo ni mzima. Tatizo ni okidi: ina vimeng'enya ambavyo vikiingia kwenye mkondo ule vinachanganya vinasaba vya viumbe vilivyosafirishwa pamoja. Wanathibitisha kwa kupitisha mimea mingine na okidi ile, na kinachotoka ni mmea mmoja mchanganyiko. Sasa ugumu wa kurudi nyuma ni kwamba DNA za wawili zimesukwa hadi transpota haijui kipi ni cha nani. Dawa ya Daktari ni isotopu nururifu inayojishikiza kwenye DNA ya mmoja tu, kama mgonjwa anavyonyweshwa bariamu ili utumbo uonekane kwenye eksirei. Transpota inakamata kilichowekewa alama, kinachobaki ni cha mwingine.

Kuhusu kukopi, watu hutaja "Second Chances" ya The Next Generation, 1993, ambapo afisa Riker anakuwa wawili. Irudieni muitazame vizuri. Uga wa sayari ya Nervala IV ulikuwa unavuruga mawimbi, opereta akaongeza mwali wa pili, mmoja ukaakisiwa ukarudi chini na kumjenga Riker mwingine kule. Ni ajali ya mazingira ya sayari ile, haina kitufe kwenye meli. Na tuseme wangeipata hiyo bahati: unao Tuvix wawili, wote wanataka kuishi, na inabidi umchague mmoja wa kutenganisha. Umerudi palepale, tena mbele ya shahidi mwenye sura ileile.

Wazo la bafa lina uzito kidogo. Kwenye "Relics", 1992, injinia Scotty alikaa ndani ya transpota ya meli ya Jenolan miaka 75, baada ya kuifungia bafa kwenye mzunguko wa kujipima usiokoma. Yeye alitoka salama. Mwenzake Franklin, aliyeingia naye, mchoro wake ulikuwa umechakaa kwa asilimia 53 na hakurudi. Mmoja kati ya wawili, na safari ya Voyager kurudi nyumbani ilikadiriwa kuwa miaka kama hiyohiyo. Halafu kumfungia Tuvix kwenye mashine miaka 70 bila ridhaa yake nako kunahitaji maelezo.

Kinachoniudhi mimi ni nguo. Vimeng'enya vinachanganya vinasaba, haya. Lakini Tuvix anatoka na vazi ambalo ni nusu sare ya Starfleet (kikosi cha meli hizo), nusu kitambaa cha mauamaua cha Neelix, limeshonwa safi kabisa hadi kola. Vinasaba vya kitambaa hivyo vilitoka wapi? Kwa hiyo mtu akija Jumamosi na sayansi kali sana, muonyeshe kola.

Wakili wa Njiro (Arusha)

Nakwenda kwenye utaratibu, kwa sababu ndipo Janeway anaponasa.

Rudini sehemu 6 nyuma katika msimu huohuo, "Death Wish", Februari 19, 1996. Q mmoja (viumbe wenye nguvu karibu zisizo na mipaka, wasiokufa), baadaye anaitwa Quinn, anaomba hifadhi ili aruhusiwe kufa. Janeway anafanya nini? Anaitisha shauri, anakaa kama mwamuzi, anapokea ushahidi wa pande zote. Anayemtetea mwombaji ni Tuvok. Yaani kwa mtu anayetaka kufa kulikuwa na kikao kamili. Kwa mtu anayetaka kuishi, ambaye nusu yake ni yule wakili wa shauri lililopita, kuna mazungumzo ofisini na uamuzi. Aliyemsikiliza ndiye aliyeamua, na ndiye aliyekwenda kutekeleza kwa mkono wake.

Msiniambie walikuwa mbali na mahakama. "The Measure of a Man" ya 1989, inayohusu haki za Data, afisa ambaye ni roboti mwenye umbo la mtu, inafanyika kwenye kituo kipya kisicho na watumishi wa sheria. Jaji anamlazimisha Riker aendeshe upande wa Starfleet na kapteni wake, Picard, amtetee Data, kazi inaendelea. Voyager ilikuwa na Chakotay, msaidizi wa kapteni, ilikuwa na Daktari. Watu wa kugawana majukumu walikuwepo.

Sisi tunalielewa hili bila kusoma sheria za angani. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kuishi, na 13(6)(a) inadai mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Neno "mauaji" mimi ningeliweka kando Jumamosi, kwa sababu kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinataka nia ovu na kitendo kisicho halali, na mtabishana saa nzima kuhusu uhalali wa amri ya kapteni. Ulizeni jambo jepesi zaidi: haraka ilikuwa ya nini? Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba Tuvok na Neelix wangepotea wakichelewa siku 3.

Dada wa Rau (Moshi)

Kaka Wakili, umetetea mteja mmoja na kusahau wawili.

Tuvok na Neelix hawakuombwa ridhaa na mtu. Tuvok ana mke, T'Pel, na watoto wanne wanaomsubiri. Ukiuliza haraka ni ya nini, muulize Kes, mpenzi wa Neelix. Yeye ni Mwokampa, na Waokampa wanaishi miaka 9 tu. Kumwambia msichana huyo asubiri wakati kikao kinapangwa na rufaa inasikilizwa ni kumkata kipande cha maisha yake kikubwa kuliko unavyodhani. Na kila wiki Tuvix anayoishi anazidi kuwa mtu wa kuzoeleka, kwa hiyo kuchelewa nako ni kuamua.

Halafu kuna jambo ambalo wanaomlaani Janeway hawaligusi. Tazameni "The Enemy Within", Oktoba 6, 1966. Transpota inamgawa Kirk, kapteni wa Star Trek ya kwanza, kuwa wawili, mmoja mpole asiyeweza kuamua, mwingine mkali. Yule mkali analia kabisa kwamba hataki kurudishwa, anataka kuishi. Kuna aliyeitisha kikao? Mnyama waliyemjaribia kwanza alikufa, na bado wakaendelea. Miaka yote hii sijaona mtu akiwaita wasaidizi wake Spock na McCoy wauaji. Kwa nini? Kwa sababu yule Kirk ana jasho usoni na anafanya ubaya, wakati Tuvix ni mcheshi, ana adabu na anapika vizuri. Tom Wright kamcheza kwa upole ambao Neelix wa msimu wa 2, na wivu wake kwa Kes, hakuwa nao hata robo. Nusu ya kura za "Janeway muuaji" ni kura za kutompenda Neelix.

Nakubali kitu kimoja. Pale chumba cha usukani, Tuvix anapowageukia mmoja mmoja akiomba mtu aseme neno na wote wanainamisha macho, siwezi kuwatetea. Paris, rubani, kimya, Chakotay kimya. Anayekataa ni Daktari peke yake, hologramu, ambaye kwenye meli hiyo bado kuna wanaomwona kama kifaa.

Mwalimu wa Kaloleni (Arusha)

Nyongeza fupi upande wa baiolojia. Daktari anapoeleza muungano huu anatumia dhana ya simbiojenesisi, na hiyo ni sayansi ya kweli. Lynn Margulis aliitetea mwaka 1967: mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria huru zilizomezwa na seli nyingine zikabaki humo. Leo iko kwenye vitabu vya sekondari. Ila ilichukua vizazi visivyohesabika, wala haikuwa sekunde moja ndani ya boriti ya mwanga.

Mfano wa kuonyesha watu ni laikeni, zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Ni kuvu na mwani wanaoishi kama kiumbe kimoja chenye umbo ambalo hakuna kati yao angekuwa nalo peke yake. Ukivitenganisha maabara, kuvu na mwani vinaweza kuendelea kuishi, laikeni haipo tena. Hapo pande zote mbili za mjadala zina la kusema.

Kuna mtu atawataja Maria na Consolata, mapacha wetu walioungana, nina uhakika. Walikataa kutenganishwa na nchi nzima iliwaheshimu kwa hilo. Lakini wao walikuwa wawili tangu kuzaliwa, kila mmoja na sauti yake, na wote wawili walisema hapana. Kwenye "Tuvix" tunayemsikia ni mmoja na wawili hawawezi kusema. Msimamizi akiuruhusu mfano huo, autaje kwa heshima na aseme tofauti hiyo mapema.

Wakili wa Njiro (Arusha)

Dada wa Rau, hoja ya Kirk ni nzuri, ila kule yule mkali alikuwa anakufa, na mpole alikuwa anapoteza uwezo wa kuongoza. Tuvix alikuwa na afya. Na kuhusu Kes: mahitaji yake ni ya kweli, lakini tangu lini huzuni ya mpenzi ikawa sababu ya kumnyima mtu wa tatu kikao? Ningeridhika na kikao cha saa 2, hata kama matokeo yangekuwa yaleyale.

Dada wa Rau (Moshi)

Kama matokeo ni yaleyale, basi unagombea karatasi. Mimi nagombea watu.

Chalii wa Sakina (Arusha)

Asanteni sana. Tatizo lingine: tumetengeneza maandishi ya Kiswahili kwa kutumia faili la Kiingereza lililokuwepo, lakini kwenye diski yetu ya Ulaya yanachelewa. Mwanzo yako sawa, katikati yanaanza kuchelewa, mwishoni Janeway kamaliza kuongea zamani.

Fundi wa Karanga (Moshi)

Hiyo ni kasi ya fremu. Diski za Ulaya zinakwenda fremu 25 kwa sekunde, faili lako limepangwa kwa 23.976. Video inakimbia kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo kwenye dakika ya 10 maandishi yamechelewa kama sekunde 25, na mwisho wa sehemu ya dakika 45 ni karibu dakika 2. Vitufe vya G na H kwenye VLC (programu ya kuchezea video) havitakusaidia, vinasogeza maandishi yote kwa kiasi kilekile. Fungua faili kwenye programu ya Subtitle Edit, nenda kwenye menyu ya kusawazisha muda, badili kasi kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi kama UTF-8. Kisha pima mstari mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho. Pengo likiwa sawa kote, sasa ndipo G na H. Likiwa bado linakua, umegeuza namba.

Mistari isizidi miwili, herufi 42 kila mmoja. Maneno ya Tuvix pale chumba cha usukani ni mengi na ya haraka, mkiyaweka yote watu watasoma badala ya kumtazama usoni. Punguzeni.

Dada wa Rau (Moshi)

Kuhusu kusimamisha: mara mbili. Kwanza, Tuvix anaposema hataki, kabla Janeway hajaamua. Swali: "Wewe ungeamuru?" Pili, zahanati ya meli, Daktari anapokataa na kusogea pembeni. Ganda hapo kabla Janeway hajashika kifaa. Swali linakuwa jingine: "Ungeshika wewe?" Utashangaa waliosema ndiyo mara ya kwanza wanavyopungua.

Kura iwe ya vikaratasi, usinyooshe watu mikono, maana wakishamwona mwenye sauti kubwa kanyoosha, wanamfuata. Dakika 2 kwa msemaji. Na umpe mtu mmoja kazi ya kuwasemea Tuvok na Neelix tu, asiruhusiwe kumtaja Tuvix kabisa. Kaka Wakili anafaa.

Wakili wa Njiro (Arusha)

Nimekubali, kwa sharti kwamba wewe umtetee Tuvix.

Dada wa Rau (Moshi)

Haya. Andaa kikao chako cha saa 2.