Naomba ushauri: wiki moja Italia kwa wasiokula nyama wala samaki

Ndugu zangu, mimi na mke wangu, ambao hatuli nyama wala samaki ingawa tunatumia mayai na maziwa, tunapanga safari ya wiki moja nchini Italia mwezi wa Aprili, tukianzia Roma na kumalizia Florence, na huenda tukaongeza Bologna kwa kuwa treni ya kasi kutoka Florence huchukua chini ya saa moja.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni jibini. Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka katika tumbo la ndama, na Pecorino Romano kwa kile cha mwanakondoo, na jibini hizo hunyunyizwa juu ya vyakula vingi vya tambi. Je, mliowahi kukaa huko, mhudumu akiombwa asiziweke huelewa, au ni heri tushikamane na piza ya marinara, yenye nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta tu? Vilevile ribollita, supu ya maharage, mboga na mkate inayopendwa sana Florence, wapo wanaoipika kwa mchuzi wa nyama. Tuulizeje kwa adabu kabla ya kuagiza?

Kuhusu Bologna nina shaka, kwa sababu sifa yake kubwa ni mortadela (soseji nene ya nyama ya nguruwe) na tambi za nyama, lakini mke wangu anatamani sana kuiona. Mngetushauri tuiache na siku hiyo tuiongeze Roma, ambako mwezi huo atichoki, mboga inayopendwa huko, huwa katika msimu wake? Tutashukuru pia kuelezwa kama nyumba yenye jiko ina nafuu kuliko hoteli.