Ushauri: Wimbo wenye ilimba na muheme unaweza kuitwa pop?

Kijana_Nkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, naimba. Nimerekodi wimbo wenye ilimba (ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), na mama zangu wa Chamwino wamepiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Prodyuza anataka tuupakie kama pop na kuukata kutoka dakika saba hadi tatu. Mjomba, mpiga zeze, anasema pop ni ya Wazungu, nikiuita hivyo nimeuza ngoma ya nyumbani. Naupenda mno wimbo huu. Pop hasa ni nini?

Mwalimu_wa_Kwaya: Kijana wangu, pop tunayoijua leo ilichipuka Marekani na Uingereza miaka ya 1950, sambamba na rock and roll. Utaitambua kwa ulivyojengwa wimbo: beti fupi, kiitikio kinachorudi mara kwa mara, melodi ambayo msikilizaji anaishika upesi, mdundo wa nne kwa nne (mapigo manne kila kipimo) unaochezeka. Hizo dakika tatu zina historia. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, watunzi wakazoea kumaliza mapema. Ala si sharti. Michael Jackson aliingiza gitaa la rock kwenye albamu ya Thriller ya 1982 na bado ni pop.

Binti_Mpwapwa: Mkuu, kiitikio unacho, au ni kuitikizana mwanzo mwisho? Na tafadhali, prodyuza asiyanyooshe mapigo ya muheme kwa kompyuta. Yanapishana makusudi, utamu wote uko hapo.

Kijana_Nkuhungu: Dada, kiitikio kipo tangu mwanzo. Kirefu ni kile kipande cha mwisho, akina mama wanapoimba sauti zinazopandana.

Zeze_Kavu: Basi hicho ndicho prodyuza anataka kukifyeka, na ndicho chenye Ugogo wenyewe! Mjomba wako mheshimu, ila mkumbushe marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo. Kwenye albamu ya Assembly ya 2002 alishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, na Ugogo wake haukupotea. Hata Bongo Fleva imechota hip hop, R&B na taarabu. Pop hula kila jikoni.

Mwalimu_wa_Kwaya: Toa matoleo mawili. Fupi, lenye beti na kiitikio, liite pop bila wasiwasi. Refu libaki kamili, uliweke kwenye muziki wa asili. Kinachonisumbua zaidi ni akina mama: majina yao yaandikwe kwenye wimbo, na mgao wao mkubaliane kwa maandishi kabla ya kupakia. Kisha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili.

Kijana_Nkuhungu: Shikamoo mwalimu, na asante sana. Mgao hatukuwa tumeuzungumza kabisa. Jumamosi naenda Chamwino, nitawasikilizisha yote mawili.

Binti_Mpwapwa: Nenda na mjomba. Na hilo refu utuwekee humu.