Machura bustanini wanakula mboga au wadudu?

Mkulima_Uyole:
Wakuu habari za jioni, nipo Uyole hapa Mbeya nina kabustani ka kabichi na chainizi nyuma ya nyumba, tangu mvua zianze machura wale wakubwa wa kahawia wenye vinundu wamejaa, mchana wamejificha chini ya matofali usiku wanazurura kwenye matuta. Asubuhi nakuta miche imekatwa chini kabisa. Mama watoto anataka tuwamwagie chumvi. Ni wao kweli? Kwani porini huwa wanakula nini?

Mdau wa Mafinga:
Mkuu chumvi usimwage tafadhali! Chura hanywi maji kwa mdomo, anayafyonza kwa ngozi, ukimwagia chumvi unamkausha akiwa hai. Na majani hali kabisa. Anakula sisimizi, mchwa, mende, nyenje, nondo, buibui, minyoo, na konokono wadogo pia. Mche uliokatwa chini ni kazi ya sota, yule kiwavi anayekata miche, fukua udongo pembeni ya huo mche asubuhi utamkuta kajikunja. Sota anatoka usiku, mida ileile chura anatafuta msosi.

Dada_Tukuyu:
Naunga mkono. Kumbikumbi wakitoka mwangalie chura chini ya taa ya nje, mdudu akitulia hata akiwa mbele ya pua hamgusi, akitikisa mguu tu ulimi umeshatoka, maana ulimi wake umeshikia mbele ya mdomo sio nyuma kama wetu. Meno hana, akimeza macho yanazama ndani yanasukuma chakula kishuke. Akipata mnyoo mrefu anauingiza kwa mikono, inapendeza sana kuangalia.

Mkulima_Uyole:
Asanteni sana. Na vile viluwiluwi kwenye dimbwi?

Mdau wa Mafinga:
Hao wanakwangua ule utelezi wa kijani kwenye mawe na majani yaliyooza, wadudu wanaanza wakishaota miguu. Ila kuna chura wa Kihansi, huku kwetu milima ya Udzungwa, yeye anazaa vitoto kamili, havipitii uluwiluwi. Hafiki hata sentimita 3 kwa hiyo anakula vidudu vidogo mno. 2009 alitangazwa kutoweka porini, ila tayari wengine walikuwa wanafugwa Marekani, 2012 wakaanza kurudishwa.

Dada_Tukuyu:
Mkulima, mbwa wako asiwang'ate, nyuma ya macho wana sumu, atatoa mapovu. Na dawa ya wadudu punguza, mdudu aliyepigwa dawa anatapatapa na chura akiona kitu kinatikisika anameza na sumu yake. Sota okota kwa mkono asubuhi kabla jua halijawa kali.