"Nitakuua" kwa mdomo tu: ni kosa?

Mpangaji, Kisauni
Wakuu, jirani akitamka "nitakuua" barazani, hana silaha wala hakuandika, polisi wana kesi?

Wakili
Wanayo. Kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinakataza tishio la kuua, liwe la maandishi au la, na kifungo chafika miaka 10. Kumtuma mtu akufikishie pia ni kosa. Kesi huanguka kwenye ushahidi: "alinitisha" peke yake haitoshi. Hakimu ataka tamko lenyewe, kwa lugha ileile, nani alisikia, ugomvi ulianzaje. Maneno ya hasira kwenye foleni ya maji yaweza kuonekana ni ya kutupa tu.

Dada wa Mahakamani
Kuna na 238: kutishia mwili, mali au jina la mtu ili umtie hofu au umlazimishe jambo asilofungwa nalo kisheria. Hadi miaka 3. "Nitakushtaki" haimo, hiyo ni haki yake.

Wakili
Naam. Mpangaji, piga ripoti leo, uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na taarifa yako usomewe kabla ya kutia saini. Karani akiandika "walizozana", mwambie arekebishe hapo hapo.