Upinde wa kwanza wa faibaglasi: mepo, mianzi au mpingo?

MkongeTanga
Wakuu, salaam. Niko Michigan, natengeneza upinde wangu wa kwanza: urefu inchi 66, nguvu ya kuvuta paundi 40. Faibaglasi ya milimita 1 ninayo, ya mgongoni (upande unaotazama shabaha) na ya tumboni (upande unaomtazama mpiga upinde). Bado tabaka za katikati tu. Duka linauza mbao za mepo (maple) na mianzi iliyobandikwa, na mimi nina kipande cha mpingo alichoniletea mjomba kutoka Lindi. Moyo wangu uko kwenye mpingo. Mnasemaje?

SeremalaMoshi
Kaka, mpingo nauchonga kila wiki na ninaupenda, lakini hapo hapana. Ule mti ukiutia majini unazama. Ukiachia ugwe, mkono wa upinde, yaani ile nusu inayopinda, unajisukuma wenyewe pamoja na mshale, kwa hiyo kila gramu iliyoko karibu na ncha inakula mwendo wa mshale. Tena una mafuta, gundi ya epoksi haiushiki vizuri usipoupiga msasa na kuufuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kubandika. Uweke kwenye kishikio, pale uzito unasaidia mkono wako kutulia.

Mlengaji_TX
Nakubaliana na fundi. Nimeshatengeneza saba, na ningependa mgeni alijue hili kabla ya lolote: kazi kubwa inafanywa na glasi, yaani hiyo faibaglasi. Upinde ukikunjwa, tabaka za nje ndizo zinazovutika na kubanwa, katikati karibu hakuna kitu. Mti wa ndani unazitenganisha glasi mbili na kuzizuia zisiteleze. Kwa hiyo chukua mepo wenye nyuzi zilizonyooka. Gundi inaushika vizuri, na unasagika kwa usawa. Mianzi ni mizuri, pinde zangu za karibuni zote ni za mianzi, ila upinde wa kwanza si wa kuhangaika na vifundo.

Kilichoniumiza mimi ni unene. Upinde wangu wa pili, tabaka moja ilizidi upande mmoja kwa kiasi cha karatasi mbili hivi. Sikuona. Baada ya kufunga ugwe, mkono wa upinde ukajipinda pembeni. Siku hizi napima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kila inchi 4, kingo zote mbili. Kumbuka ugumu hukua kwa kipeo cha tatu: zidisha unene wote asilimia 10, nguvu inapanda karibu theluthi.

Kitui_Upinde
Mmesahau umbo. Ndugu, tabaka mbili zitakutosha: moja ya unene uleule mwanzo hadi mwisho, nyingine inayopungua kuelekea nchani, milimita 2 kwa kila mita. Ncha zinakuwa nyepesi na mkono unapinda kwa urefu wake wote. Hiyo inayopungua nunua iliyosagwa tayari, usijaribu kwa randa. Na ukianza kusaga glasi vaa barakoa nzuri, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

MkongeTanga
Nimewaelewa, mepo basi. Ila roho inaniuma kuuficha mpingo wote kwenye kishikio.

Mlengaji_TX
Glasi yako ni ya kuonyesha ndani au nyeusi?

MkongeTanga
Ya kuonyesha.

Mlengaji_TX
Basi pasua utando wa mpingo wa nusu milimita, uweke chini ya glasi ya mgongoni, na upunguze nusu milimita kwenye mepo. Uzito hautausikia, na rangi yake utaiona kila ukishika upinde.

SeremalaMoshi
Na usisahau asetoni, kaka. Futa mpaka kitambaa kitoke kisafi.